Somo la Utalii wa Bahari: Kuchagua Kisiwa Tulivu cha Kuzamia Kutoka Ufukweni

Wageni wanaokuja Kwale kwa ajili ya bahari si wa aina moja. Wapo wanaopenda boti, muziki na watu wengi. Wapo pia wanaotafuta kisiwa kidogo kisicho na kelele, chumba karibu na maji, na nafasi ya kuvaa mtungi wa hewa asubuhi, kuingia baharini kwa miguu yao, kutazama samaki kwa muda kisha kurudi kunywa chai. Huku ndiko kuzamia kutoka ufukweni. Mzamiaji wa namna hii hapandi boti. Ufuo ndio mlango wake wa kuingilia na wa kutokea.

Mwenye vyumba vya wageni Wasini, nahodha wa Shimoni na kijana anayetembeza wageni Diani au Gazi wote huulizwa swali moja: "Naweza kuzamia hapa mbele?" Jibu la "ndiyo" lililotolewa kwa haraka linaweza kugharimu maisha ya mtu. Jibu la "hapana" lisilo na maelezo linamfanya mgeni aende kwingine na pesa zake. Somo hili linaeleza jinsi ya kupima mahali ili jibu liwe la kweli. Linamfaa pia mkazi ambaye mwenyewe anapanga kupumzika kisiwani na angependa kuzamia.

Ukimaliza kusoma utaweza:
- kueleza kinachofanya kisiwa kifae au kisifae kwa kuzamia kutoka ufukweni;
- kupima ufuo wako kwa kutumia maarifa ambayo wavuvi wetu wanayo tayari;
- kumwandikia au kumwambia mgeni maneno yasiyomdanganya.

1. Mfano wa kujifunzia: kisiwa cha Bonaire

Ukiwauliza wazamiaji ni wapi duniani kuzamia kutoka ufukweni ni rahisi, wengi watakutajia Bonaire. Ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Karibi, karibu na pwani ya Venezuela, na kiko chini ya Uholanzi. Tunakichukua kama mfano kwa sababu sifa zake zinaonekana wazi na zinaweza kuhesabiwa.

Kwanza, mwamba wa matumbawe uko karibu sana na nchi kavu. Katika sehemu nyingi za upande wa magharibi, mtu huogelea kwa dakika chache tu kabla ya kufika pale sakafu ya bahari inapoanza kuteremka kwenda kwenye kina.

Pili, pepo za Bonaire huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Upande wa magharibi hukingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo maji yake huwa shwari. Upande wa mashariki una mawimbi makali, na mgeni wa kawaida haambiwi azamie huko.

Tatu, maji kujaa na kupwa ni kwa kiasi kidogo mno, takribani sentimita 30. Anayeingia saa mbili asubuhi na anayeingia saa nane mchana hukuta ufuo karibu ule ule.

Nne, kisiwa ni kikavu. Hakuna mito mikubwa ya kumwaga tope baharini, na hivyo mzamiaji huona mbali chini ya maji.

Maumbile peke yake hayakutosha. Watu wa Bonaire walipiga marufuku uvuvi wa kutumia mishale chini ya maji mwaka 1971. Mwaka 1979 walianzisha hifadhi ya bahari inayozunguka kisiwa chote hadi kina cha mita 60. Boti haziruhusiwi kutupa nanga juu ya matumbawe. Hufungwa kwenye maboya. Mzamiaji hulipa ada ya hifadhi, huhudhuria maelezo kabla ya kuzamia, na haruhusiwi kuvaa glavu, ili asishawishike kushika matumbawe. Mahali pa kuingilia pamewekwa alama ya jiwe la rangi ya manjano lenye jina, kando ya barabara.

Kwa hiyo mgeni anaposema Bonaire alizamia na rafiki yake bila boti, anasema kweli. Lakini alichokipata kule kilitokana na mwamba ulio karibu, upepo usiobadilika sana, maji yasiyosogea sana na sheria zinazofuatwa. Kabla ya kumwahidi mambo hayo hapa kwetu, tupime kimoja kimoja.

2. Mambo saba ya kupima

Umbali wa mwamba. Hesabu ni mita ngapi kutoka mchangani hadi mahali penye matumbawe na kina cha kutosha. Mtungi wa hewa na mkanda wa risasi ni mzigo mzito. Kuogelea na mzigo huo mita mia moja ni kazi ya kawaida. Kuogelea nao nusu kilomita ni kumchosha mtu kabla hajaanza.

Maji kujaa na kupwa. Jua maji hupanda na kushuka kiasi gani, na saa ngapi. Palipo na tofauti kubwa, mlango wa kuingilia wa asubuhi unaweza kuwa mwamba mkavu wakati wa kutoka.

Mkondo. Maji yanayojaa na kupwa hupita kwenye milango ya mwamba na kwenye mikono ya bahari kati ya kisiwa na bara. Hapo mkondo unaweza kumshinda hata mwogeleaji hodari.

Upepo na msimu. Uliza upande upi wa kisiwa umekingwa, na kwa miezi ipi.

Njia ya kuingia na kutoka. Mchanga laini ni bora kuliko mawe makali yenye utelezi. Mahali pa kutokea pasiwe pamoja tu. Mzamiaji ajue pa pili iwapo maji yatamsogeza.

Huduma na msaada. Ni nani anayejaza mitungi, na ana leseni? Kuna maji baridi ya kuoshea vifaa? Hili si dogo, kwa kuwa visiwa vidogo vya matumbawe havina mito, na kila mtungi wa maji una thamani. Kuna hewa ya oksijeni ya huduma ya kwanza? Kuna boti ya kumkimbiza mgonjwa, hata usiku na hata maji yakiwa yamepwa?

Utulivu wenyewe. Kisiwa kisicho na magari kinaweza bado kuwa na boti nyingi zinazopita mbele ya ufuo. Kwa mzamiaji, injini inayopita juu ya kichwa ni hatari kubwa kuliko kelele za ngoma. Uliza boti hupita wapi na saa ngapi.

Kati ya hayo saba, manne ya kwanza ni ya bahari yenyewe. Hoteli nzuri haiwezi kuyabadilisha. Ndiyo maana anayechagua kisiwa aanze na bahari, kisha aangalie vyumba.

3. Tukirudi Kwale

Pwani yetu ina mwamba mrefu unaokwenda sambamba na nchi kavu. Kati ya mwamba huo na mchanga kuna maji ya kina kifupi yenye nyasi bahari, mchanga na vichwa vya matumbawe. Huko Diani mwamba wenyewe uko mamia ya mita kutoka ufukweni. Nje ya mwamba ndipo kina kinapoanza, na huko ndiko wazamiaji wa mitungi hupelekwa. Wanakwenda kwa boti.

Maji yetu pia husogea sana. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua sana. Siku za bamvua, maji hukupwa katikati ya asubuhi, yapata saa nne hadi saa tano, na hujaa tena alasiri. Wavuvi wa pweza wanalijua hili bila kuangalia saa. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Tena maji hayasogei kwa kasi moja. Kutoka kujaa hadi kupwa huchukua zaidi kidogo ya saa sita. Saa ya kwanza na ya mwisho maji husogea polepole. Katika saa mbili za katikati hupita karibu nusu ya maji yote. Huo ndio wakati wa mkondo mkali kwenye milango ya mwamba. Wakati salama zaidi wa kuingia kutoka ufukweni ni karibu na maji yaliyojaa, yanapotulia kabla ya kugeuka.

Pepo zetu ni mbili. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari huwa na utulivu zaidi. Kusi huanza Aprili na huendelea hadi karibu Septemba. Bahari huchafuka, maji hupungua uangavu, na baadhi ya vituo vya kuzamia hupunguza safari. Kipindi cha maleleji, pepo zinapobadilika baada ya kusi, mara nyingi huleta siku nzuri.

Sasa tuangalie visiwa vyenyewe.

Wasini ni kisiwa tulivu kweli kweli. Hakuna magari. Kuna mji wa kale, bustani ya matumbawe yaliyobaki juu ya nchi kavu, na njia ya mbao katikati ya mikoko inayosimamiwa na kina mama wa kijiji. Lakini kati ya Wasini na Shimoni kuna mkono wa bahari wenye mkondo na boti zinazopita. Si mahali pa kumwambia mgeni ajitose peke yake. Mgeni wa Wasini hulala kisiwani na kuzamia kwa boti katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyo kusini mwa kisiwa. Kisite ni hifadhi ya taifa, na uvuvi umekatazwa kabisa. Mpunguti ni hifadhi ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa.

Chale ni kisiwa kidogo kusini mwa Diani, karibu na Gazi. Maji yanapokupwa mtu anaweza kuvuka kutoka bara kwa miguu. Jambo hilo peke yake linaonyesha kwamba saa ndiyo inayoamua mzamiaji atakuta nini. Sehemu ya kisiwa ni kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo. Mgeni aelezwe hilo mapema na aheshimu mipaka yake.

Majirani zetu wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, wana hali inayofanana na yetu. Hifadhi ya bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na wageni wengi hukaa katika nyumba ndogo tulivu kwenye ghuba ya Chole. Kuzamia hufanywa kwa boti, na saa ya kupita mlango wa Kinasi hupangwa kufuata maji. Wageni hawalalamiki kwa sababu wameelezwa kabla ya kufika. Ratiba ya maji imekuwa sehemu ya mapumziko yao.

Hitimisho la sehemu hii ni hili: Kwale tuna visiwa tulivu na tuna kuzamia kuzuri, lakini kwa kawaida viwili hivyo huunganishwa na boti. Kutoka ufukweni kwetu, kinachofaa zaidi ni kuogelea juu ya maji kwa miwani na bomba la kupumulia, maji yakiwa yamejaa, siku isiyo na mawimbi, na mtu anayepajua akiwa pamoja na mgeni. Kuzamia kwa mtungi kutoka ufukweni kubaki kwa sehemu chache ambazo kituo chenye leseni kimezipima na kuzikubali.

4. Zoezi: pima ufuo wako

Fanya zoezi hili na wenzako, mmoja wenu awe mvuvi mzee wa mahali hapo. Andika majibu kwenye daftari.

Hatua ya kwanza: nendeni ufukweni maji yakiwa yamekupwa siku ya bamvua. Tazameni sakafu ya bahari ikiwa wazi. Chora vichwa vya matumbawe, mawe, mashimo, mchanga na mahali maji yanapotokea kurudi baharini.

Hatua ya pili: rudini pale pale maji yakiwa yamejaa. Linganisha. Ni wapi palipokuwa pakavu na sasa pana kina cha kuogelea?

Hatua ya tatu: tupeni kitu kinachoelea na kisichochafua bahari, kama kifuu cha nazi. Angalieni kinakwenda upande gani na kwa kasi gani. Rudieni kila baada ya saa moja, kutoka maji kujaa hadi kupwa.

Hatua ya nne: muulize mvuvi mahali ambapo hatapeleka mtoto wake kuogelea, na sababu yake. Tia alama nyekundu kwenye mchoro.

Hatua ya tano: weka alama kwenye njia za boti, madema, nyavu na mahali pa kuokotea pweza. Mgeni asiharibu kazi ya mtu. Zungumzeni na kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, kabla ya kumwelekeza mgeni popote.

Rudieni zoezi wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Mchoro wa msimu mmoja hautoshi.

5. Kanuni za usalama ambazo mwenyeji anapaswa kuzijua

Mwenyeji si lazima awe mzamiaji, lakini ajue maneno haya ili atambue kosa linapotaka kutendeka.

Mzamiaji awe na cheti na asizamie peke yake. Asiyekuwa na cheti aende na mwalimu wa kituo chenye leseni.

Kina huongeza matumizi ya hewa. Katika mita 10, kila pumzi hutumia hewa mara mbili ya ile ya juu. Katika mita 20, mara tatu. Mtungi uliotosha jana katika maji mafupi hautoshi leo kwenye kina kwa muda ule ule.

Anayezamia kutoka ufukweni lazima abakishe hewa ya kurudi. Njia rahisi ni kugawa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Mwenye mtungi wa baa 200 hugeuka akishatumia baa 60 hivi. Aanze kwa kwenda dhidi ya mkondo, ili wakati wa kurudi, akiwa amechoka, maji yamsaidie.

Kupanda juu kuwe polepole, na kusimama mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Kamwe asizuie pumzi anapopanda. Hewa iliyo mapafuni hutanuka na inaweza kuyapasua.

Baada ya kuzamia mara moja, asipande ndege kabla ya saa 12. Akizamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, asubiri angalau saa 18.

Aache jina, saa ya kuingia na saa ya kurudi kwa mtu aliye ufukweni. Saa ya kurudi ikipita, mtu huyo asikae kusubiri. Atoe taarifa kwa boti zilizo karibu na kupiga 999 au 112. Mzamiaji anayelalamika maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au kushindwa kupumua apewe oksijeni kama ipo na apelekwe hospitali mara moja. Asiambiwe alale kwanza.

Matumbawe hayakanyagwi wala kushikwa. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na joto hilo limerudi tena miaka ya karibuni. Tumbawe lililobaki likivunjwa kwa mguu leo, mjukuu wako ndiye atakayeliona limekua. Kombe na matumbawe hayachukuliwi kuwa ukumbusho.

6. Kuandika tangazo lisilodanganya

Soma matangazo mawili ya nyumba moja ya wageni.

La kwanza: "Karibu kisiwani kwetu. Zamia wakati wowote mbele ya chumba chako. Bahari ni tulivu mwaka mzima."

La pili: "Nyumba tulivu yenye vyumba vinne, hakuna magari. Maji yanapojaa na bahari ikiwa shwari, wageni wanaojua kuogelea hutazama samaki karibu na ufuo wakiwa na kiongozi. Kuzamia kwa mtungi hufanywa kwa boti, kupitia kituo chenye leseni. Ada ya hifadhi hulipwa kando. Tutakutumia saa za maji za wiki yako kabla hujafika. Wakati wa kusi safari zinaweza kuahirishwa."

Tangazo la kwanza litaleta mgeni mmoja, atakayekuta mwamba mkavu saa nne asubuhi na kuondoka akinung'unika. Huenda pia likamleta mtu atakayeingia majini kwa kuliamini. La pili linampa mgeni uwezo wa kuchagua mwenyewe. Anayetaka kisiwa cha aina ya Bonaire ataelewa kwamba hiki si hicho. Anayetaka ukimya, chakula kizuri na boti moja kwa siku atajua amefika, na atawaambia wenzake.

7. Maswali ya kujipima

Swali la kwanza. Mwezi ni mpevu. Mgeni anataka kuogelea kutazama matumbawe mbele ya nyumba saa nne asubuhi. Utamwambiaje?

Swali la pili. Mgeni amezamia asubuhi. Anataka kuzamia tena na kutoka majini saa kumi jioni, na ndege yake inaondoka kesho saa mbili asubuhi. Inafaa?

Swali la tatu. Mgeni ana cheti na amezamia mara nyingi Bonaire bila kiongozi. Anataka kukodi mtungi na kuingia peke yake kwenye mkono wa bahari kati ya kisiwa na bara. Utajibu nini?

Majibu. La kwanza: ni siku ya bamvua na saa hiyo maji yamekupwa, atakanyaga matumbawe na kujikwaruza. Mpange alasiri maji yanapojaa, ukiangalia jedwali la maji la siku hiyo. La pili: haifai. Kutoka saa kumi jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa 16, na aliyezamia zaidi ya mara moja anahitaji angalau 18. La tatu: mweleze kwa heshima kwamba cheti chake ni cha kweli, lakini hapa maji yanasogea kwa mita na kule kwa sentimita. Mpeleke kwa kituo chenye leseni kinachojua saa za maji na njia za boti.

Ukiwa umejibu yote matatu bila kusita, una maarifa ambayo mgeni hawezi kuyapata kwenye picha ya chumba. Mwambie yote kabla hajalipa, ili achague kisiwa chako akikijua.